Kengele ya Jikoni

Waya wa kijani na njano huenda ardhini.
Hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza,
niliiandika nikiwa na miaka kumi na sita
katika ukumbi wa parokia, kule juu El Alto,
ambako upepo huingia bila hodi
na kalamu haiandiki mpaka uipashe moto kwapani.

Tulikuwa wasichana kumi na mmoja, meza moja ya ping-pong.
Mwalimu Teófila, mjane wa mchimba bati,
alimwaga mezani soketi, swichi, koleo, tepu nyeusi,
akasema: "Umeme haujui baba yako ni nani.
Ukiuvunjia adabu utakutandika,
ukiuheshimu utakulisha."
Kisha akauliza nani anajua kusoma.
Mikono minne ikainuka.
Wangu ulibaki mfukoni.

Nilishushwa mjini nikiwa na miaka tisa,
kwa ahadi ya shule na viatu.
Viatu nilipewa.

Nyumba ya Doña Graciela ilikuwa na kitufe
chini ya meza ya chakula,
na kengele yake jikoni, juu ya utosi wangu.
Mlio mmoja: maji.
Miwili: chumvi.
Mrefu: umefia huko?
Naitwa Eulogia. Miaka saba
kengele ile haikuwahi kulitamka.

Jumatano na Ijumaa, vyombo vikishakauka,
nilipanda gari la waya,
mji ukibaki chini ya nyayo zangu
kama makaa aliyoyamwaga mtu kwa hasira.

Nisidanganye, sikuwa mwepesi.
Nililipua fyuzi ya kanisa katikati ya misa ya wafu;
padri akaendelea gizani, hakukohoa hata.
Felipa aliunguza nyusi.
Justa aliozwa mwezi wa tatu,
akaondoka na tesita yetu mfukoni.
Hatukumdai.

Lakini sehemu, zile namba za juu na chini
nilizodhani ni za watoto wa kiume,
kumbe nilizijua tangu kwetu:
mkate mmoja, vinywa tisa,
na mama akisema ameshiba.

Na asubuhi moja, nikipangusa kisanduku cha umeme
kama nilivyokipangusa miaka yote ile,
herufi zikasimama zenyewe, moja baada ya moja:
H A T A R I.
Nikakaa sakafuni na kitambaa mkononi.
Kengele ililia mlio mrefu.
Nikaiacha ilie.

Miaka minne baadaye simu ikaita.
"Kengele yangu imekufa. Nitumie fundi."
"Fundi ni mimi, señora."
Hakuitambua sauti. Angeitambuaje?
Alikuwa hajawahi kuisikia ikimaliza sentensi.

Nikaingia kwa mlango wa mbele, mkoba begani.
Jikoni palikuwa na mtoto,
miaka kumi na miwili, labda pungufu,
mikono imevimba kwa maji baridi,
nywele zimesukwa kama wanavyosuka kwetu.
Nikampa tochi anishikie.
Waya ulikuwa umelika na kutu, kazi ya dakika kumi.
Nikaenda kubonyeza kitufe, nikarudi, nikamwita Doña ajaribu.

Ikalia.

Na miguu yangu hii,
yenye buti nilizonunua kwa jasho langu,
ikapiga hatua mbili kuelekea chumba cha chakula
kabla sijaikataza.
Mtoto naye vilevile.
Tukagongana mlangoni.

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.
Nikamuuliza jina: Casimira.
Nikaandika risiti, jina langu lote, bei yote,
Doña akalipa akitazama saa.

Nilipokuwa nikifunga mkoba
nikachana kipande cha boksi la soketi
niandike: Jumatano, Ijumaa, saa moja usiku.
Casimira akakigeuza juu chini, chini juu.

Nikakichukua tena.
Nikachora kanisa. Nikachora ngazi, zote thelathini na mbili,
mlango mwekundu, mbwa kilema anayelala hapo asiyeuma,
na ndani meza ndefu yenye wavu katikati.

Akakikunja, akakificha ndani ya kiatu.